Si Kila King'aacho Huliwa



Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, usemi huo ulithibitika juu ya meza ya sherehe. Watoto 6 waliugua, wakitapika na kuharisha, baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa rangi ya dhahabu. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga huo haukuwa chakula hata kidogo, bali ulikuwa shaba iliyosagwa. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka 1 aliyekula keki iliyotiwa unga wa mapambo alikutwa na madini ya risasi katika damu yake.

Huenda askari akauliza, jambo hilo linamhusu nini? Linamhusu sana. Keki hukatwa katika harusi za maofisa, katika siku ya kikosi, katika kuhitimu mafunzo na katika kuwaaga wastaafu. Na mezani huwapo wake, waume na watoto wa askari.

Hali ya Lilongwe na Dzaleka, nchini Malawi, yafaa kuwa mfano. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya wakimbizi, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Makao hayo, yaliyokusudiwa watu elfu kumi na ushei, leo yana zaidi ya watu 50,000, na Kiswahili husikika humo kila siku. Askari wa Tanzania na Malawi waliohudumu pamoja mashariki ya Kongo, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, wanawafahamu vyema ndugu wa watu hao.

Ukimbizi haufuti harusi wala ubatizo. Lakini pale fedha zinapokuwa haba, mpambaji hutumia kile kinachopatikana: unga wa kung'arisha kadi, maua ya plastiki, utepe, waya, au maua yaliyochumwa uani. Hata katika maduka ya mji mkubwa kama Lilongwe, mnunuzi aweza kuona chupa iliyoandikwa kwamba haina sumu, akadhani maana yake ni kwamba yaliyomo huliwa. Sivyo. Kitu kisicho na sumu si lazima kiwe chakula. Unga wa kuliwa huandikwa wazi kwamba unaliwa, na viungo vyake hutajwa. Usiotajwa viungo usiguse keki kabisa, kwa sababu unga hauwezi kuondolewa kama linavyoondolewa ua.

Mapambo mengine yasiyoliwa si lazima yakatazwe, lakini hapana budi yatengwe na chakula. Ua la plastiki lisimame juu ya kipande cha karatasi ngumu isiyopenya mafuta. Waya usichomekwe ndani ya keki. Uingizwe kwanza katika mrija safi wa kunywea. Maua mabichi yana hatari mbili: mengine yamenyunyiziwa dawa ya wadudu, na mengine, kama oleanda ipandwayo kwa uzuri wake, yana sumu yenyewe. Taa ndogo za mapambo hutumia betri bapa mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza, yaweza kuunguza koo lake katika muda wa saa 2. Asitapishwe, akimbizwe hospitali mara moja.

Kwa askari kuna maonyo mawili ya pekee. La kwanza, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa lisiwekwe juu ya keki kama pambo, kwani hubaki na masazo ya madini ya risasi. La pili, upanga wa gwaride hupakwa mafuta na dawa ya kung'arishia. Kabla ya kukata keki uoshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ukaushwe.

Lililo kuu kuliko yote ni hesabu. Hakuna mwanajeshi wala polisi anayetoka katika uwanja wa shabaha kabla risasi hazijahesabiwa. Keki nayo yastahili nidhamu hiyo hiyo. Keki ya ghorofa inayosafirishwa kutoka Lilongwe hadi Dzaleka hushikizwa kwa vijiti ili isiporomoke njiani. Mpishi aandike idadi ya vijiti, waya, pini na betri alizotumia, na karatasi hiyo aikabidhi kwa mwenye sherehe. Kabla ya kisu kupita, mtu mmoja aliyeteuliwa aviondoe vyote na kuvihesabu. Kikikosekana kimoja, keki isigawiwe mpaka kionekane.

Kazi hiyo haichukui hata dakika 10, wala haimpunguzii bibi harusi furaha yake. Askari aliyezoea kulinda maisha ya raia barabarani na mipakani hatashindwa kuyalinda mezani. Mapambo ni ya macho, na keki ni ya kinywa. Mwenye kuvitenganisha viwili hivyo ameilinda sherehe na wageni wake.