Shule za Watoto wa Polandi huko Tengeru Zamani za Vita

Wasomaji wetu wa Mabawe, na wa Ngara na Biharamulo kwa jumla, hawana haja ya kuelezwa maana ya mkimbizi. Mwisho wa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja au mbili, wakaja kukaa Benaco. Lakini si wote wajuao ya kuwa nchi hii ilipata kupokea wakimbizi zamani, tena waliotoka Ulaya, na kwamba watoto wao walisoma na kulelewa hapa wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea. Khabari hiyo twapenda kuieleza leo, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mzazi na kila mwalimu.

Kwanza, walitoka wapi? Mwezi wa Septemba 1939 nchi ya Polandi ilishambuliwa na Wajerumani kutoka magharibi, na baada ya siku kumi na sita ikaingiliwa na Warusi kutoka mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 Warusi waliwatoa majumbani mwao watu wengi wa upande wa mashariki, wakawapakia katika magari ya moshi na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Juni 1941 Wajerumani waliwageukia Warusi wenyewe. Ndipo Warusi walipopatana na Wapolandi, na wafungwa wakafunguliwa. Wanaume waliandikwa katika jeshi la Jemadari Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo lilihamia Uajemi, na wanawake na watoto wengi wakaondoka pamoja nalo.

Askari walikwenda vitani. Je, mama na watoto wakae wapi? Serikali ya Uingereza ilikubali kuwapokea wengine wao katika makoloni yake, nao wakaletwa kwa meli maelfu kwa maelfu. Katika Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Katika Tanganyika waliwekwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na mahali pengine. Lakini kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, chini ya mlima Meru. Hapo walikaa watu wapatao 5,000, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Nyumba zao zilikuwa ndogo za mviringo, zimepakwa chokaa na kuezekwa majani, zimepangwa safu safu. Palikuwa na kanisa, hospitali, shamba, na karakana za kazi za mikono. Watoto wenye mama waliishi na mama zao. Mayatima walikaa pamoja katika makao yao, chini ya walezi. Hao ndio waliokuwa watoto wa bweni hasa. Kwao mlezi alikuwa mzazi, na mwenzi wa kitanda cha pili alikuwa ndugu.

Sasa tutazame shule. Watu wale walikuwa wamepoteza nyumba, mashamba na jamaa zao. Mtu angedhani ya kuwa wangengoja kwanza vita viishe, ndipo wafikiri habari ya masomo. Hawakungoja. Palifunguliwa shule ya watoto wadogo, shule za msingi, shule ya sekondari, na shule za ufundi zilizofundisha mambo kama ushonaji na kilimo. Walimu wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa jeshini. Vitabu vilikuwa adimu sana mwanzoni. Baadaye vilipatikana vilivyopigwa chapa Yerusalemu kwa ajili ya watoto wa Polandi waliotawanyika. Baada ya masomo palikuwa na skauti, nyimbo, na michezo ya kuigiza.

Faida za mpango huo twaziona tatu. Faida ya kwanza ni kwamba siku ya mtoto ilipata utaratibu. Mtoto aliyeona kifo Siberia hatulizwi kwa maneno matupu. Lakini akijua ya kuwa asubuhi kengele italia, na mwalimu atamwita kwa jina lake, moyo wake huanza kutulia. Faida ya pili ni kwamba miaka haikupotea yote. Watoto walikuwa wamekwisha kukosa masomo mengi safarini, na kama wangekosa na ile miaka ya kambini, wangekua watu wazima bila kujua kusoma vema. Faida ya tatu ni lugha. Walifundishwa Kipolandi, na historia na jiografia ya kwao, kwa kuwa wote walitumaini kurudi.

Hapo ndipo penye uchungu wa khabari hii. Baba zao na kaka zao walipigana pamoja na Waingereza, na Mei 1944 waliiteka Monte Cassino katika Italia. Lakini Februari 1945 wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikutana Yalta, wakakubaliana kwamba sehemu ya mashariki ya Polandi iwe ya Warusi. Vita viliisha kwa ushindi, na watoto wa Tengeru wakajikuta hawana kwao pa kurudi. Vijiji walivyovisoma katika ramani darasani vilikuwa sasa katika nchi nyingine.

Je, masomo yale yalikuwa ya bure? Sivyo. Kati ya mwaka 1947 na mwanzo wa miaka ya 1950 walitawanyika, wengi wakaenda Uingereza, Australia na Kanada. Mwaka 1949 padre Lucjan Królikowski aliwachukua mayatima wapatao 150, akapita nao Italia na Ujerumani hadi Kanada, ingawa serikali mpya ya Polandi ilipinga sana jambo hilo. Popote walipofika, hawakufika mikono mitupu: walikuwa na hesabu, na ufundi, na lugha ya mama zao.

Si wote walioondoka. Makaburi 149 yako Tengeru hata leo, katika viwanja vya chuo cha mifugo, nayo yanatunzwa. Tena haki yatulazimu kusema neno jingine: wakati ule ule watoto wa Tanganyika waliopata nafasi katika shule za sekondari walikuwa wachache mno. Twasema hivyo ili ijulikane ya kuwa shule si kitu kisichowezekana wakati wa shida. Penye nia ya kuifungua, hufunguliwa hata katikati ya vita.

Jambo hilo lilionekana tena hapa kwetu. Mwaka 1994 katika kambi za Ngara mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO na UNICEF, yalileta masanduku ya vifaa vya shule. Sanduku moja lilikusudiwa watoto 80, wakisoma kwa zamu mbili, arobaini asubuhi na arobaini baadaye. Walimu walitafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe, kama vile Tengeru. Wakimbizi wale wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na mtoto aliyejifunza kusoma chini ya turubai aliondoka na elimu yake.

Basi, enyi viongozi wa vijiji na walimu, wilaya yetu inapakana na Rwanda na Burundi, na wageni wa namna hii wanaweza kuja tena. Wakija, tuwape maji na chakula kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Kisha tuulize mapema, kabla wiki nyingi hazijapita: Nani kati yenu ni mwalimu? Atakayesimama tumpe ubao, chaki, na kivuli cha mti.