Kuingia kwa mwenzako bila hodi: maneno ya Kiingereza tunayoyachanganya

Wengi wetu tulijifunza Kilatini na Kifaransa kwanza, Kiingereza kikaja nyuma. Basi tunaingia Kiingereza kwa kupitia mlango wa Kifaransa, na mara nyingi mlango huo hutudanganya. Siku moja tulivuka mpaka kule Kasumbalesa, tukaenda Zambia hata Kitwe, mimi na katekista mmoja mzee, anayejua Kifaransa vizuri kabisa. Njiani tukaona ubao juu ya ua wa waya: "Trespassers will be prosecuted". Mzee akasimama, akasoma polepole, kisha akaniambia: "Padri, watu wa hapa wanashitaki hata marehemu!" Aliwaza neno la Kifaransa trépassés, lile tunalolisikia tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea wafu.

Tulicheka sana, lakini mzee hakukosa kabisa. Maneno hayo mawili yametoka tumbo moja. Katika Kifaransa cha zamani trespasser ilikuwa kupita ng'ambo. Wafaransa wakaliacha neno hilo kwa yule aliyepita ng'ambo ya maisha. Waingereza wakalishika kwa yule aliyepita mpaka wa sheria, na zaidi mpaka wa shamba au nyumba ya mwenzake.

Kwa hiyo trespass ni neno la baraza na waamuzi. Linauliza swali moja tu: je, mtu huyu alikuwa na ruhusa ya kuingia? Haliulizi kama alikuwa na hasira, wala kama aliharibu kitu. Mwaka 1762 wajumbe wa mfalme wa Uingereza waliingia kwa nguvu nyumbani mwa mwandishi John Entick, wakapekua makaratasi yake. Walikuwa na barua ya waziri. Entick akawashitaki, na mwaka 1765 mwamuzi Camden akakata neno: barua ile haina nguvu, kwa kuwa hakuna sheria inayompa waziri uwezo huo. Tena akaeleza kwamba kukanyaga ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hakikuvunjika kitu. Ni vizuri tukumbuke kesi hiyo, sisi tuliozoea kuona mtu mwenye kofia ya serikali akiingia popote.

Lakini neno hilo limeingia katika sala pia. Wakristu wanaosali kwa Kiingereza, Wakatolika na Waanglikana, husema trespasses katika Baba Yetu, pale sisi tunaposema makosa. Limetoka wapi? Katika Matayo 6, 12 Kigriki kinasema madeni, na Kilatini vile vile: debita. Wakatolika waliotafsiri Agano Jipya kule Rheims mwaka 1582 waliandika debts, ni kusema madeni. Lakini William Tyndale alikwisha andika trespasses mwaka 1526, na kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1549 kikalitia neno hilo kinywani mwa watu wote. Halikutoka tena. Basi Mwingereza akikujia kuungama na kutaja trespass, usimwulize habari za shamba. Mimi binafsi napenda mfano wa deni, kwa kuwa ni wa Injili yenyewe. Lakini mfano wa mpaka unamsaidia sana mtu anayechunguza dhamiri yake.

Intrude ni jambo lingine. Kilatini trudere ni kusukuma. Intrudere ni kusukumiza ndani. Hapa mpaka si wa miti wala wa mawe. Ni mpaka wa mtu mwenyewe: mazungumzo yake, kilio chake, usingizi wake. Ukikaribishwa katika nyumba, ukakuta mume na mke wanasemezana maneno yao, nawe ukavuta kiti ukakaa, hukufanya trespass, kwa kuwa mlango ulifunguliwa. Lakini umefanya intrude. Ndiyo maana Mwingereza mwenye adabu, akichungulia mlangoni, huuliza kama ha-intrude. Ni hodi yake hiyo. Tena neno hili ni la Kanisa. Baada ya sheria ya mwaka 1790 kule Ufaransa, serikali ilipoweka mapadri walioapa mahali pa wale waliokataa, Wakristu waaminifu waliwaita curés intrus. Kweli walisukumizwa ndani, na mkono uliowasukuma ulionekana.

Neno gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni encroach. Ndani yake mna croc ya Kifaransa, ndoana. Sisi tunalo neno zuri sana: kumega. Jirani analima, mwaka huu jembe lake linapita mpaka kwa hatua moja, mwaka ujao hatua moja tena. Kila mara ni kidogo, hata mwenye shamba anaona haya kugombana kwa ajili ya hatua moja. Baada ya miaka kumi mjane hana pa kupanda muhogo. Ndiyo zambi inayokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 19, 14. Na si ya mashamba tu. Mikutano ya parokia inamega saa ya brevieri. Padri anamega kazi ya katekista, halafu anashangaa katekista amepoa. Trespass inaweza kutendeka kwa hatua moja, lakini encroach inataka siku nyingi.

Mengine ni mepesi. Invade ni kuvamia, kwa wingi au kwa nguvu, kama jeshi au nzige. Infringe imetoka frangere, kuvunja: kinachovunjwa ni sheria au haki ya mtu, kama kupiga chapa kitabu cha mwingine bila idhini yake. Impinge ni kugusa tu, mara nyingi pasipo kosa: kelele za soko zinazofika hata darasani.

Sasa sarufi kidogo, kwa wale wenye mtihani. Baada ya intrude, encroach na impinge tia on au upon kabla ya kutaja kilichoingiliwa. Trespass huchukua on ukitaja ardhi, lakini against ukitaja mtu uliyemkosea, kama katika sala. Invade haitaki kitu katikati. Infringe inakubali namna zote mbili, ila katika maandiko ya sheria ni salama zaidi kuiacha peke yake.