Amri za Ukuaji Zinapokutana

Katika vivungulio vya waridi vilivyoenea kandokando ya Thika, wakulima wanakifahamu vyema kinundu kimoja kibaya kinachoota chini ya shina, pale pale udongo unapokutana na hewa. Mwanzoni huwa laini na cheupe. Baada ya majuma kadhaa hukua, kikawa kigumu, cha rangi ya hudhurungi na chenye mikunjo, na mwaridi uliokibeba huanza kunyong'onyea, kwani mifereji inayopandisha maji kutoka mizizini imekwisha kusongwa. Mkulima huung'oa mmea huo na kuuchoma, kisha huosha kisu cha kupogolea kwa dawa, naye ametenda ipasavyo. Lakini kinundu kile, kabla hakijaingia motoni, kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake limo jambo lile lile linalowashughulisha madaktari wa saratani kila siku: namna mwili unavyopewa amri ya kukua, na namna amri hiyo inavyoweza kuvurugika hata ukuaji wenyewe ukageuka maradhi.

Kisababishi chake ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium, ambaye Erwin Smith na Charles Townsend walimbainisha huko Marekani mwaka 1907. Huingia kwa jeraha la kisu au la jembe, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ni yeye mwenyewe, kwa kukaa ndani ya mmea na kuusumbua, akuzaye uvimbe ule siku hata siku. Katika miaka ya 1940 Armin Braun akaonyesha kinyume cha dhana hiyo: bakteria wakisha kuuawa wote kwa joto, uvimbe huendelea kukua vile vile, kana kwamba seli za mmea zimekwisha kuhifadhi maagizo ya adui aliyekufa. Jawabu lilipatikana mwaka 1977, pale Mary-Dell Chilton na wenzake walipothibitisha kwamba bakteria huyo huacha kipande cha jeni zake ndani ya seli za mmea; na miongoni mwa jeni hizo zimo zile za kutengeneza homoni mbili za ukuaji, oksini na saitokinini. Mmea huzitumia homoni hizo tangu asili yake, kwa kiasi na kwa wakati wake. Bakteria, basi, hakuleta amri ngeni hata moja. Alizitwaa amri za halali akazifanya zitolewe bila kikomo.

Mwendo mfupi kutoka Thika, katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru, amri hizo hizo mbili zimetumiwa kwa manufaa. Ugonjwa wa chulebuni ulipoyaharibu mazao ya kahawa nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti walianza kazi ndefu ya kuzalisha mbuni wa kuustahimili, na mwaka 1985 wakatoa aina waliyoiita Ruiru 11, ambayo hustahimili chulebuni na kutu ya majani pia. Lakini kwa kuwa mbegu yake ni ya chotara, ipatikanayo kwa kuchavusha maua kwa mkono, haikuweza kuwatosheleza wakulima wote walioitaka. Ndipo maabara ikatafuta njia ya kuukuza mbuni kutoka katika kipande cha jani. Kipande hicho, ambacho upana wake haupiti ukucha wa kidole, huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kikalazwa ndani ya chupa juu ya rojo lenye sukari, madini na homoni, kisha chupa ikafunikwa na kuwekwa rafuni. Majuma hupita. Kingo za jani huvimba, na mahali pa ukijani wa jani hutokea donge la seli la manjano, lisilo jani wala mzizi wala shina, lililosahau kazi yake ya zamani. Kisha, kiasi cha homoni kikibadilishwa, donge hilo hutoa viinitete vidogo, na kila kimoja kina uwezo wa kuwa mbuni kamili.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Folke Skoog na Carlos Miller mwaka 1957, walipokuwa wakichunguza tishu za tumbaku. Waligundua kwamba oksini ikizidi saitokinini, tishu huota mizizi. Saitokinini ikizidi oksini, huota machipukizi. Na zikikaribiana, huwa donge tu. Nami nayaona matokeo hayo kuwa miongoni mwa mambo makubwa ambayo elimu ya viumbe imewahi kutufunulia, kwa sababu yanatueleza kwamba hakuna homoni ya mzizi wala homoni ya chipukizi. Upo uwiano, na maana ya amri moja haijulikani mpaka ijulikane amri nyingine iliyo pamoja nayo. Hilo ndilo jambo ambalo makala haya yanakusudia kulifuata kutoka mmea hadi mtu.

Mwili wa mnyama hauna oksini wala saitokinini kwa kazi hiyo, bali una njia zake za ishara. Seli moja hutoa protini, protini hiyo hushika kipokezi kilicho juu ya seli jirani, na kipokezi huamsha protini nyingine ndani, nayo nyingine, mpaka habari ifike kwenye kiini na jeni fulani zifunguliwe au zifungwe. La kustaajabisha ni uchache wa njia hizi: zile kuu zinazomjenga mnyama kutoka yai hazifiki ishirini, nazo hutumiwa tena na tena, leo kwa kuuchora uti wa mgongo, kesho kwa kuvitenga vidole. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walizifunua nyingi kati yake kwa kuchunguza mabuu ya inzi wa matunda yaliyoharibika maumbile, wakayatangaza matokeo mwaka 1980 na kushiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1995. Miaka miwili baada ya tangazo lile, yaani mwaka 1982, Roel Nusse na Harold Varmus, waliokuwa wakitafuta chanzo cha saratani ya matiti kwa panya, walipata jeni ambayo virusi viliiamsha mahali isipostahili kuamka. Na mwaka 1987 ikadhihirika kwamba jeni hiyo ya saratani na jeni moja inayomjengea inzi mbawa zake ni ndugu wa nasaba moja. Njia ya ishara ya jeni hizo leo huitwa Wnt.

Njia hizi hazitembei mbalimbali. Mtu asimamaye pale Thika ambapo mto Chania unaingia katika mto Thika huona maji mawili yakijongeleana, na hatua chache mbele hawezi tena kuyatenga. Hali kadhalika ndani ya seli, habari za njia mbili au tatu hukutana katika protini moja, na kinachotoka hapo ni hukumu ya zote kwa pamoja. Ipo protini iitwayo beta-katenini, ambayo kwa upande mmoja huzishikanisha seli na jirani zake, na kwa upande wa pili ndiyo ipelekayo habari ya Wnt kwenye kiini; na miongoni mwa jeni inazozifungua ni MYC, ambayo njia nyingine za ukuaji nazo huiamrisha. Wenye kutaka kuielewa saratani kwa kutafuta jeni moja mbovu wataipata mara nyingi, lakini hawatauelewa ubaya wake mpaka waulize jeni hiyo ilikuwa ikizungumza na nani.

Tuitazame figo, maana hakuna kiungo kinachoudhihirisha ukweli huu kuliko hicho. Katika mimba changa, mrija mwembamba huchipuka kuelekea tishu laini iliyo karibu nao. Tishu hutoa ishara iitwayo GDNF, mrija ukaipokea kwa kipokezi kiitwacho Ret, ukatoa tawi. Tawi nalo likarudisha ishara ya Wnt, na tishu iliyoipokea ikaanza kujikusanya na kuwa vichujio vya damu. Kila upande humkuza mwenziwe na kwa mwenziwe hupata ruhusa ya kukomaa, na mazungumzo hayo huendelea mpaka yapata juma la 36 la ujauzito, kisha hukoma, kwani seli zote za asili zimekwisha kuwa figo. Jeni iitwayo WT1 ni ya lazima ili tishu ile iweze kuisikia amri ya kukomaa na kuitii.

Ikitokea kwamba WT1 imeharibika, au beta-katenini imebadilika ikawa haizimiki, kundi la seli hubaki katika utoto wake ndani ya figo ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Huo ndio mwanzo wa uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la tabibu Mjerumani Max Wilms aliyeueleza mwaka 1899, nao huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Aghalabu ni mama amwogeshaye mtoto agunduaye kwamba upande mmoja wa tumbo umekuwa mgumu. Mwanapatholojia akiweka kipande cha uvimbe huo chini ya hadubini, huona seli changa zilizosongamana, na kando yake vijirija vilivyojaribu kuwa vichujio vikashindwa. Ni figo ya mimba iliyokatizwa katikati ya ujenzi, ikaendelea kujengwa bila mwisho. Na ni maradhi yanayotibika: katika nchi zenye matibabu kamili, takribani watoto tisa katika kumi hupona. Kwa hiyo mzazi wa Kiandutu au wa Githurai agusaye ugumu huo tumboni asingoje dalili ya pili.

Mazungumzo ya namna hii hayakomi utotoni. Titi la mwanamke hukua wakati wa kubalehe, hukua tena wakati wa ujauzito, na kila mara huongozwa na estrojeni, projesteroni na jamii ya vipokezi ambamo HER2 imo. Saratani ya matiti, ambayo katika Kenya huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote, hutumia amri hizo hizo. Katika baadhi ya wagonjwa jeni ya HER2 imejirudia mara nyingi ndani ya seli, na juu ya utando vipokezi vimerundikana hata vinaamshana vyenyewe kwa vyenyewe. Dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukishika kipokezi hicho. Na kwa kuwa kipokezi kile kile ndicho kilichosaidia kuujenga moyo tumboni mwa mama, kama ilivyodhihirika mwaka 1995 kwa vijusi vya panya waliokikosa wakafa kwa sababu mioyo yao haikukamilika, mgonjwa apewaye dawa hii hupimwa moyo wake mara kwa mara. Historia ya mimba humfuata mtu hata kwenye kitanda cha matibabu.

Sasa estrojeni na HER2 hukutana. Amri itokayo HER2 yaweza kukigusa kipokezi cha estrojeni kwa ndani, kikafanya kazi bila kuhitaji estrojeni yenyewe, na hapo dawa ya tamoksifeni, ambayo kazi yake ni kuizuia estrojeni mlangoni, hupungukiwa nguvu. Kinyume chake pia hutokea: HER2 ikizuiwa, seli zenye vipokezi vya estrojeni huweza kuitegemea njia hiyo ya pili na kuendelea kukua. Kwa sababu hiyo mgonjwa mwenye vipokezi vyote viwili mara nyingi hutibiwa kwa kuzifunga njia zote mbili, na asiye na hata kimoja kati ya vipokezi vitatu, cha estrojeni, cha projesteroni na HER2, hali inayoonekana kwa wanawake wa Kiafrika zaidi kuliko kwa wa Ulaya, huhitaji matibabu ya namna nyingine kabisa.

Yote hayo hutegemea kipande kidogo cha nyama ndani ya kichupa. Mwanamke wa Thika anaweza kutolewa kipande hicho karibu na kwao, nacho kikasafirishwa kwenda maabara kubwa ya mbali, au mwenyewe akaelekezwa Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019 karibu na Kahawa, kusini mwa Ruiru, yenye kituo chake cha saratani. Popote kiendapo, kanuni ni ile ile: kiingizwe katika formalini ya asilimia 10 kabla haijapita saa moja tangu kukatwa, formalini iwe takribani mara kumi ya ukubwa wake, nacho kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikicheleweshwa, protini huanza kuoza, na kipokezi kilichokuwapo chaweza kusomwa kuwa hakipo. Mgonjwa akanyimwa dawa iliyomfaa, na hakuna atakayejua. Naamini, bila kusitasita, kwamba fundi wa maabara ajazaye saa ya kukata na saa ya kutia formalini katika fomu yake anafanya kazi ya tiba sawasawa na daktari aandikaye dawa.

Kipande hicho hugandishwa katika nta, hukatwa kuwa utando wa mikroni nne hivi, huwekwa juu ya kioo na kutiwa kingamwili zenye rangi. Penye HER2 nyingi kila seli huzungukwa na mstari wa hudhurungi uliokoza, nayo huandikwa 3. Pasipo kitu huandikwa 0. Na pale mstari unapopauka huandikwa 2, na hapo jibu haliwi jibu mpaka nakala za jeni yenyewe zihesabiwe kwa kipimo kingine. Saratani ikirudi baada ya miaka, pengine katika mfupa au katika ini, madaktari huomba kipande kipya inapowezekana, kwa maana seli zilizonusurika dawa huenda zimebadilisha vipokezi vyake, na majibu ya kioo cha kwanza hayaziambii tena hospitali seli hizo zinaitii amri ipi.