Rangi ya Nyumba Inayouzwa: Swali Kutoka Siongiroi



Tumeletewa swali na mama mmoja mjane, mzaliwa wa Mombasa, ambaye marehemu mumewe alifanya biashara miaka mingi Siongiroi, katika kaunti ya Bomet, na akajenga nyumba huko. Eda imekwisha, watoto wako pwani, na warithi wote wamekubaliana nyumba iuzwe. Wanunuzi wawili wameshakuja, wakaitazama na kwenda zao. Mwanawe mkubwa asema ipakwe nyeupe na buluu kama majengo ya Mombasa. Shemeji yake asema inunuliwe rangi nzito ya mafuta, ifunike ukuta wa nyuma ulioingia unyevu, kwani mnunuzi asipouliza hakuna wa kumwambia. Mama atuuliza: ni rangi gani itakayoiuza nyumba hii, na je, ushauri wa shemeji una ubaya wowote?

Twaanza na rangi. Weupe wa nyumba zetu za pwani una asili yake. Wazee walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, na chokaa ile ilipopakwa ukutani ilirudisha ukali wa jua na kuuacha ukuta upumue. Ndivyo zilivyohifadhika kuta za Lamu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, iliagiza jambo ambalo macho ya watu wa pwani yamelizoea. Lakini Siongiroi si pwani. Huko ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na mahindi, na ukipanda kuelekea Kericho waingia mashamba ya chai, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi. Matone yanapopiga ardhi hurusha tope ukutani, na upande usiopata jua huota ukungu wa kijani. Ukuta mweupe mahali kama hapo hupendeza kwa majuma machache tu. Mnunuzi anayefika baada ya mvua tatu haoni weupe, aona madoa.

Kwa hiyo tunamshauri mama achague rangi iliyo karibu na nchi yenyewe: krimu, au rangi ya chai ya maziwa, kwa ukuta wote; na chini, kiasi cha futi mbili au tatu kutoka ardhini, apake mkanda wa kahawia iliyokoza au kijivu kizito. Mkanda huo hulimeza tope, nao huifanya nyumba ionekane imekaa imara juu ya msingi wake. Wala asisahau paa. Mabati yenye kutu huzungumza kwa sauti kubwa kuliko ukuta wowote, na rangi nyekundu ya matofali au kijani kilichokoza juu ya mabati yaliyosuguliwa kutu huenda ikafaa zaidi ya madebe kumi ya rangi ya ukutani.

Aepuke rangi kali zinazonasibishwa na kampuni. Katika miji yetu midogo ya Kenya, maduka mengi hupakwa rangi na makampuni ya simu, ya sabuni na ya unga kwa ajili ya matangazo, na nyumba ya kuishi ikipakwa kijani kile au nyekundu ile hudhaniwa duka. Rangi za vyama vya siasa nazo aziache kabisa. Hakuna haja ya kumfukuza mnunuzi langoni kwa sababu ya kura.

Mwana amemtajia mama pia kwamba Marekani milango myeusi huongeza bei. Ni kweli kwamba kampuni ya Zillow ilitangaza mwaka 2018 kuwa nyumba za huko zenye mlango wa mbele mweusi ziliuzwa kwa zaidi ya dola 6,000 juu ya bei iliyotarajiwa. Lakini huko wanunuzi wengi huanza kwa kutazama picha. Mnunuzi wa Siongiroi huja na nduguye na fundi wake, akaizunguka nyumba mara mbili, akagonga ukuta kwa kidole. Mlango na uwe safi, usikwame, na kufuli ifanye kazi, hilo latosha.

Sasa tuje kwenye ukuta wa nyuma, ambao ndio kiini cha swali.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Akakataza pia kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyeuziwa hivyo ana hiari: amshike mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Watu wa Siongiroi, ambao maisha yao ni maziwa, hawahitaji kufafanuliwa hila hiyo.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuishia kwa mnyama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba hiari hiyo hiyo huthibiti kwa aliyeuziwa kinu ambacho maji yake yalizuiliwa, kisha yakafunguliwa siku ya kuonyeshwa ili yaje kwa nguvu. Ukuta wenye unyevu uliofunikwa kwa rangi ya mafuta, sisi hatuoni tofauti yake na kinu kile. Kupamba kinachoonekana ni halali: kila mtu ajua kuwa nyumba imepakwa rangi, na hakuna anayedanganywa na krimu. Kuficha aibu inayoathiri thamani ndiko kulikoharamishwa, na muuzaji anayeijua aibu ni wajibu wake kuitaja hata asipoulizwa. Shemeji hana hoja.

Tena hila yenyewe haidumu. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta mbichi huufungia unyevu ndani, ikavimba kama malengelenge na kubanduka. Pengine mnunuzi hajamaliza kulipa.

Basi mama amwite fundi atafute chanzo kwanza: mfereji wa paa uliotoboka, udongo uliorundikana juu ya msingi, au ufa. Kirekebishwe, lipu iliyooza ibomolewe, mpya ikae takriban mwezi ikauke, ndipo ipakwe rangi ya maji, si ya mafuta. Rangi kuukuu isikwanguliwe kavu mbele ya watoto, maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Iloweshwe kwanza, na vumbi lifagiliwe likiwa na maji. Wakati mzuri ni Januari na Februari, kabla ya masika, na kazi ifanyike asubuhi umande ukishakauka, kwa sababu mvua za pande zile hupenda kushuka alasiri.

Ikiwa fedha hazitoshi kutengeneza, auze ukuta ulivyo, auonyeshe, na bei ipungue kwa kadiri yake.

Limebaki jambo la gharama. Nyumba hii si ya mama peke yake: kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lake yeye ni thumuni, na kilichobaki ni cha warithi wengine. Fedha za rangi na fundi zikubaliwe na wote kabla ya debe la kwanza kununuliwa, ziandikwe, na aliyezitoa mfukoni mwake arudishiwe kutoka kwenye bei kabla ya kugawanywa. Shemeji naye, ikiwa ndiye atakayesimamia kazi, alete risiti.