Turubai juu ya tela: faida na hasara zake

Leo tutazungumza juu ya turubai la kufunikia tela. Hapa Kwala matela yamekuwa mengi, hasa tangu bandari kavu ilipofunguliwa rasmi tarehe 31 Julai 2025. Lakini tela la lori halikai. Leo lipo Vigwaza, kesho lipo Morogoro. Linaloharibika ni tela la trekta, ambalo mavuno yakiisha huachwa uani miezi mingi.

Watu husema, "Lifunike, litapona." Ni kweli, lakini si kweli yote.

Jua hukausha mpira wa magurudumu mpaka ukapasuka, nalo hupausha rangi. Rangi ikibanduka, chuma hubaki uchi. Kisha huja masika, toka Machi mpaka Mei, na maji hutuama juu ya mbao. Turubai huzuia mambo hayo yote mawili.

Sasa tazama upande wa pili. Jioni moja, tandika karatasi ya nailoni juu ya udongo, uweke mawe pembeni. Asubuhi igeuze. Utaona matone upande wa chini, ingawa mvua haikunyesha. Maji hayo yametoka wapi? Yametoka ardhini. Unyevu hupanda kama mvuke usioonekana, ukakuta nailoni iliyopoa kwa baridi ya usiku, ukageuka maji. Basi ukilizungushia tela nailoni mpaka chini, jambo hilo hilo hutendeka ndani yake kila usiku. Chuma hushika kutu gizani na mbao huoza, nawe hujui, kwa sababu hufunui. Siku ya kupakia mahindi, mguu unazama sakafuni. Panya nao hupapenda sana mahali pa namna hiyo, na penye panya nyoka hayuko mbali.

Tena, turubai lililolegea hupigwa na upepo. Hupiga na kusugua, mpaka linakwangua rangi ile ile uliyotaka kuilinda.

Kwa maoni yangu, banda la makuti lisilo na kuta lashinda turubai lolote, na makuti hapa Pwani si kitu cha kutafuta mbali. Kama huna banda, lioshe tela, liache likauke kabisa, kisha simika mti katikati uende urefu wote, ili turubai likae kama paa na maji yateremke. Chagua turubai la kitambaa kizito kuliko nailoni, maana kitambaa hupitisha hewa kidogo. Lifunge kwa kamba, likaze, lakini liishie juu ya magurudumu ili upepo upite chini. Magurudumu yafunike mbali kwa magunia. Siku ya jua, funua tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Na kama unayo nailoni tu, wala huna mti wa kuinulia, afadhali uliache tela wazi, uinue upande mmoja kwa matofali ili maji yasituame.