Daraja Kubwa na Kalvati Dogo

Wazee wetu, kabla hawajalijua daraja la chuma na zege, walikuwa na ulalo, yaani gogo lililoangushwa kutoka ukingo hadi ukingo, ambalo mvukaji alilikanyaga kwa hadhari, na ambalo masika, yakichacha, aghalabu yaliondoka nalo. Neno daraja lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kidato cha ngazi. Ndiyo sababu hata leo twasema fulani amepanda daraja kazini, wala hatuoni ajabu cheo na kivuko kushirikiana jina moja. Atakaye kujua jinsi Tanzania ilivyovipanda vidato hivyo na aanzie kusini, penye Mto Rufiji.

Kabla ya mwaka 2003, msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara hakuwa na budi kulingojea pantoni pale Ndundu. Na kwa kuwa Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kabla ya kuyamwaga katika Bahari ya Hindi, masika yalipowadia mto ulivimba ukatambaa tambarare nzima, na watu wa kusini wakakaa kama watu wa kisiwa, bidhaa zao zikioza upande mmoja na mahitaji yao yakisubiri upande wa pili. Mwaka huo wa 2003 ndipo lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Amwonaye Rufiji wakati wa kiangazi, akiwa amejikunyata kati ya mchanga, huenda akadhani wahandisi walipoteza mali. Walakini mhandisi huupima mto kwa siku yake ya ghadhabu, na mita zile zinazoonekana za bure mwezi wa Oktoba ndizo zinazohesabiwa mwezi wa Aprili.

Huko huko kusini, katika mpaka wetu na Msumbiji, Daraja la Umoja, lililokuwa likizungumzwa tangu zama za Mwalimu Nyerere na Samora Machel, lilifunguliwa mwaka 2010 juu ya Mto Ruvuma, mita 720 kutoka Mtambaswala hadi Negomano, likawaunganisha watu ambao kwa lugha na kwa nasaba mto haukupata kuwatenga abadani.

Ama madaraja ya mjini yana shida nyingine, maana chini yake hupita vyombo. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Nyerere, lina mita 680 na njia sita za magari, na sehemu yake ya katikati imening'inizwa kwa kamba za chuma ziteremkazo kutoka minarani, ili nguzo za majini ziwe chache na mkondo ubaki wazi. Sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani akiba ya wafanyakazi wenyewe. Hata hivyo pantoni la Magogoni, lililokuwa likivusha watu kabla ya daraja, halikufa: daraja liko Kurasini, ndani ya mkono wa bahari, na mwenda kwa miguu aliyejitwika samaki au mboga hana sababu ya kuzunguka kote huko ilhali mji uko mbele ya macho yake.

Kwa urefu, yote hayo yamepitwa na Daraja la Kigongo na Busisi, lililopewa jina la John Magufuli, ambalo lilifunguliwa Juni 2025 na kuikata Ghuba ya Mwanza, katika Ziwa Victoria, kwa kilomita tatu hivi. Safari iliyomshika mtu saa nzima au zaidi, akihesabu foleni ya kivuko na tabia za upepo wa ziwa, sasa humalizika kwa dakika chache.

Reli nayo ina madaraja mengi, ila hayajulikani sana. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na katika njia hiyo imevuka madaraja zaidi ya 300, mengi yakiwa yamesongamana kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima na mabonde hayakuwaachia wajenzi nafasi ya kupumua. Abiria hupita juu yake amelala. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ilitukumbusha thamani ya madaraja hayo pale mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoing'oa kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la Mkondoa, na safari za gari la moshi zikakatika kwa miezi.

Na hapa ndipo lilipo somo ambalo mawe ya msingi hayalisemi. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliipiga barabara ya kusini. Daraja la Mkapa halikutikisika. Kilichokatika ni makalvati na vidaraja vya upande wa Somanga, ambavyo msafiri hupita juu yake bila hata kupunguza mwendo, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikarudi kuwa kisiwa kama zama za pantoni. Mita 970 za zege hazikumfaa kitu dereva aliyesimama mbele ya pengo la hatua chache. Nguvu ya barabara, basi, haipimwi kwa daraja lake kuu, bali kwa kalvati lake dogo kuliko yote, ambalo mdomo wake umejaa mchanga na matawi, likingoja mtu wa koleo kabla ya masika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa makalvati methali hiyo hugeuka, kwani asiyezibua ndiye atakayejenga.