Makovu ya Chunusi na Fedha Zinazosafiri Kutoka Garissa

Mtu wa Garissa anayetaka kuondolewa makovu ya chunusi kwa leza hufunga safari. Kliniki zenye mashine hizo ziko Nairobi, kilomita 370 hivi kupitia Mwingi na Thika, na tiba haimalizwi kwa siku moja: kwa kawaida huhitaji awamu tatu au nne, zikipishana mwezi hivi. Nauli, chakula, siku za kazi zinazopotea na ada ya kliniki vyote hutoka mfukoni, maana bima ya umma hailipii urembo. Mwenye jamaa Eastleigh, mtaa wa Nairobi, huokoa walau pesa za malazi.

Fedha nyingine huishia karibu zaidi, kwenye maduka ya vipodozi ya mjini. Humo kuna qasil, unga wa kijani wa majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa. Ukikorogwa na maji hutoa povu, kwa kuwa majani hayo yana saponini, na huondoa mafuta usoni kwa bei isiyomuumiza mtu. Kovu lililobonyea hauwezi kulifukia, lakini haumdhuru anayeutumia kuosha uso.

Krimu za kung'arisha ni habari nyingine. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998, na bado vinapenya sokoni. Kwa mwenye chunusi, hatari nyingine kubwa ni tyubu za steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya magonjwa ya ngozi iliyogeuzwa kipodozi. Siku za mwanzo uvimbe hushuka, uso hunawiri, na mteja hurudi kununua nyingine. Akiendelea, ngozi yake huwa nyembamba na steroidi yenyewe huzalisha chunusi mpya. Akijaribu kuacha, uso huwaka. Biashara hii inamuuzia mteja ugonjwa uleule uliomleta dukani, na jambo hilo linastahili hasira kuliko linavyopata.

Tiba ya plazma, njia nyingine ya kupunguza makovu, haina miujiza. Damu ya mgonjwa, mililita 10 hadi 20, hutolewa mkononi na kutiwa kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi hadi chembe nyekundu zitulie chini. Juu hubaki maji ya manjano. Sehemu yenye chembe sahani nyingi huvutwa kwa sindano. Uso uliopakwa ganzi hupitishiwa kifaa chenye visindano vidogo, kisha plazma hupakwa juu ya vitundu hivyo au hudungwa chini ya kovu. Chembe sahani, zilizozoea kuziba majeraha, huachia protini zinazoichochea ngozi kutengeneza kolajeni. Majaribio kadhaa yamefanyika India na Misri, shavu moja likitibiwa kwa visindano pekee na la pili likiongezewa plazma, na mara nyingi shavu la plazma lilipona vizuri zaidi. Wagonjwa walikuwa wachache katika mengi ya majaribio hayo. Daktari mkweli huahidi kovu kupungua kina, si kufutika.

Leza ya kaboni dayoksidi hufanya kazi kwa joto. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walionyesha kwamba miale ya leza inaweza kugawanywa katika nukta ndogondogo, ngozi nzima ikibaki katikati yake, na hapo tiba ikawa salama kuliko kuunguza uso wote. Hata hivyo ngozi nyeusi, yenye melanini nyingi, ikizidishiwa joto hujibu kwa mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Mgonjwa hutakiwa kujikinga na jua baadaye. Garissa iko jirani na ikweta, na joto la mchana mara nyingi huvuka nyuzi 35.

Kwa hiyo mwekezaji anayetaka kuileta tiba ya makovu Kaskazini Mashariki asianze na leza bali na plazma. Mashine ya kuzungusha damu ni kifaa cha kawaida cha maabara. Kinachoongezeka ni mirija safi ya kutumia mara moja, visindano na chumba kisicho na vumbi. Leza hudai umeme usioyumba na fundi wa kusafiri kila inapoharibika.

Pengo kubwa ni la mtaalamu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimesomesha madaktari na matabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na kaunti inaweza kumlipia mtu wake karo kwa masharti ya kurudi kutumikia nyumbani. Anayepelekwa heri awe mwanamke. Wateja wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawatavua niqabu mbele ya tabibu mwanamume ilhali wanaweza kumpata wa kike, hata kama ni Nairobi.

Mtaalamu huyo hatahitaji kungoja mashine ndipo apate kazi. Benzoili peroksaidi na doksisaiklini ni dawa za famasi za kawaida, na chunusi ikitibiwa nazo mapema makovu hupungua. Kliniki inayoanzia hapo itakuwa na wateja wa kila mwezi kabla ya kununua mrija wa kwanza wa plazma.